Mkaguzi wa Matangi ya Watu

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya kupanga yenye ua mpana. Baba yake alikuwa dereva wa lori na mama yake mshonaji.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, kisha akasomea ufundi wa ujenzi na kuhitimu mwaka 1970. Januari iliyofuata aliajiriwa kuwa mkaguzi wa majengo, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2011. Mafundi walimwita Jicho. Alimshuku kila mtu, hata jirani aliyemsalimia kwa uchangamfu mno.

Alifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1980, kwa bahati tu. Siku ya kujitambulisha ukweni aliomba maji ya kunawa, akazunguka nyuma, na mkwewe akamkuta amepiga magoti anatikisa mfuniko wa tangi la chini.

"Huyu anatupeleleza, atarudi kutuibia," mzee alimnong'oneza mkewe. Mchumba alilazimika kumwapia baba yake kwamba huyu si mwizi.

Alipostaafu, kila Jumamosi alitoka bila kuaga. Binti yake, anayewasomea haya, hakuwa na shaka: mzee ana nyumba ndogo. Siku moja akamfuata mtaa wa tatu, akamkuta kwenye ua wa watu baki akimfokea mama mmoja kwa kuacha tangi wazi. Binti alicheka njia nzima, kisha kicheko kikamwisha. Mtu gani huhangaikia matangi ya watu miaka nenda rudi, bure?

Alipata kiharusi tarehe 3 Mei 2023. Wodini aligombana na wauguzi kuhusu kila ndoo ya maji isiyofunikwa, mpaka uvumilivu wa binti ukamwishia.

"Baba, shida ni ndoo za watu, au kuna jambo?"

"Mama aliniambia nifunike tangi. Nikaenda kucheza kwanza. Mdogo wangu akatumbukia. Tulimwita Kifaranga."

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Tisa."

"Baba, wa miaka tisa ni mtoto."

Akalia kwa sauti, na binti akalia naye. Ilimuuma kwamba alimshuku kwa kosa ambalo hakulitenda, na lililokuwa likimla hakuna aliyewahi kumuuliza.

Alifariki dunia tarehe 21 Juni 2023, usingizini.

Ameacha mjane, binti mmoja, wana wawili na wajukuu watano. Alitanguliwa na mdogo wake, Kifaranga, aliyefariki mwaka 1960 akiwa na miaka mitatu, na ambaye leo ndiyo mara ya kwanza anatajwa mbele ya watu.

Wapumzike kwa amani, wote wawili.