Ruhusa ya Maman Pétronille

Wapendwa mliotoka Jette, Ganshoren, Saint-Gilles na hata Liège, familia imenituma mimi, Darlène, mtoto wa dada yake maman Pétronille Nabintu, niwasomee maisha yake maman, na imeniomba nisiyasome kwa sauti ya kilio, maana mwenyewe alikataza.

Maman Pétronille alizaliwa tarehe 14 Machi 1965 huko Walungu, Kivu ya Kusini, mtoto wa nne kati ya tisa, akasoma shule ya msingi hapo hapo na sekondari Bukavu, akapata diploma yake mwaka 1984, na tarehe 8 Septemba mwaka huo huo akaingia utawani kwa moyo wake, bila kusukumwa na mtu. Aliweka nadhiri za daima tarehe 15 Agosti 1993. Alimpenda Mungu na aliwapenda masista wenzake, lakini kanuni ya kunyamaza ilimshinda tangu mwanzo, maana mliomjua mnajua kwamba hata akipika alikuwa anazungumza na sufuria, na zaidi ya hapo alitamani watoto, jambo ambalo utawani halina dawa. Tarehe 10 Mei 1996 alimwandikia mama mkuu, akiomba ruhusa ya Roma ya kufunguliwa nadhiri zake, na kabla jibu halijafika, mwezi Oktoba, vita viliingia Bukavu, masista wakatawanyika, naye akakimbia hadi Uvira, akavuka ziwa mpaka Kigoma, na tarehe 3 Februari 1999 akafika Ubelgiji.

Alianzia Saint-Gilles, katika chumba kimoja karibu na Gare du Midi, akajifunza kuhudumia wagonjwa, na kuanzia 2001 hadi 2022 alifanya kazi katika nyumba moja ya wazee huko Ganshoren. Hapo Saint-Gilles alikutana na papa Hilaire Bisimwa, fundi umeme, wakafunga ndoa ya serikali katika commune ya Jette tarehe 6 Julai 2002, wakajaliwa Noé mwaka 2003 na Mignonne mwaka 2005. Lakini kila papa Hilaire alipotaja ndoa ya kanisani, maman alisema tungoje kidogo, na kila Jumapili alikaa kiti cha mwisho, wengine wakienda kupokea komunyo yeye akipekua mkoba wake, mpaka papa Hilaire, aliyejua tu kwamba mke wake aliwahi kuwa sista, akaanza kuamini kwamba anamwonea haya.

Jumatano tarehe 17 Novemba 2021, wazee wa Ganshoren walionyeshwa filamu ya zamani ya Kifaransa, ya nyeusi na nyeupe, juu ya maisha ya masista ndani ya monasteri, na maman, aliyekuwa anagawa kahawa, akajikuta amekaa na birika mkononi. Mama mkuu wa kwenye filamu alipomkabidhi msichana mmoja karatasi yenye mhuri na kumfungulia mlango, maman alitoka nje, akampigia papa Hilaire simu, akamwambia alichokificha miaka yote: "Papa Noé, miye ile ruhusa sikuipataka." Roma ilikuwa kimya, naye aliuchukua ukimya ule kuwa katazo, akajiona bado ni sista aliyeiba mume. Papa Hilaire anakiri mbele yenu kwamba alinuna siku mbili, kisha akashusha pumzi, kumbe aliyekuwa anashindana naye ni karatasi tu.

Februari 2022 madaktari waligundua saratani ya titi, na jambo likawa la haraka, kwa kuwa maman alisema hawezi kufa akiwa nusu sista, nusu mke. Papa Hilaire aliliandikia shirika la masista huko Bukavu, na tarehe 9 Mei Sista Modeste, mtunza kumbukumbu, alipiga simu mwenyewe, akaeleza kwamba ruhusa ilifika tangu 1997, ikabaki kwenye faili. "Mais ma sœur, siye tuliwazaka ulishakufa," alisema, na kila tarehe 2 Novemba jina lake lilisomwa pamoja na marehemu wa shirika. Basi mjue kwamba maman ameombewa pumziko la milele kwa miaka ishirini na mitano huku akila sombe yake. Alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akalia, halafu akauliza padri ana nafasi lini.

Alitia sahihi ya kuipokea ruhusa ile tarehe 20 Juni, na Jumamosi tarehe 27 Agosti 2022 walifunga ndoa parokiani Jette, akapokea komunyo baada ya miaka ishirini, akarudi kitini akizungumza na kila aliyempita.

Ugonjwa ulirudi Juni 2025, na Jumatano tarehe 1 Oktoba, baada ya kupokea sakramenti, alimwuliza mume wake kama anamruhusu aende. Papa Hilaire hakuweza kusema kitu siku hiyo wala kesho yake, lakini Ijumaa asubuhi aliona si haki kumngojesha tena, akamshika mkono akamwambia ndiyo, na saa nne maman alifariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wetu wa Jette waliotuletea chakula, wafanyakazi wenzake na wazee wa Ganshoren, pamoja na Sista Modeste.

Pumzika kwa amani, maman Pétronille, safari hii jibu ulilisikia mwenyewe.