Bwana Lenzi, Aliyechonga Daraja Kwenye Dhahabu

Kaka yetu mpendwa, ambaye kazini na mtaani aliitwa Bwana Lenzi kwa sababu ya kioo cha kukuzia alichokisahau kwenye paji la uso hata akienda dukani, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba ya kupanga nyuma ya stesheni ya reli. Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi viatu na mshona nguo. Sisi wadogo zake tulimfuata wanne.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958. Akiwa darasa la tano alichora uso wa mwalimu wa hesabu kwenye dawati kwa ncha ya bikari. Mwalimu alimwamuru alipige msasa dawati zima, kisha akainama na kuutazama mchoro kabla haujafutika. "Hebu niambie, masikio yangu ni makubwa kiasi hiki?" Akajibu, "Ndiyo, mwalimu." Alichapwa zaidi kwa jibu lile kuliko kwa mchoro wenyewe. Baadaye alisoma chuo cha ufundi, akahitimu uchongaji wa metali mwaka 1973.

Mwaka 1974 aliajiriwa katika kiwanda cha sarafu. Kazi yake ilikuwa kuchonga muhuri, yaani kile kipande cha chuma kigumu kinachogongwa juu ya metali ili kuacha picha na maandishi. Muhuri huchongwa kinyume, kulia kuwa kushoto, ili sarafu itoke sawa. Kwa miaka mingi aliandika kinyume kwa wepesi zaidi kuliko wengi wetu tunavyoandika sawa.

Pale kiwandani alipata rafiki, fundi wa mashine ya kugonga sarafu, na rafiki huyo ndiye aliyemjulisha kwa dada yake mshonaji. Alimwonya dada yake mbele ya watu: "Huyu bwana anaandika kinyume kutwa nzima. Akikuambia hakupendi, jua umeolewa." Walifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1978, na Mungu akawajalia watoto watatu. Rafiki akawa shemeji. Walikula pamoja kila Jumapili, na watoto wa nyumba hizi mbili hawakujua ni ipi yao.

Sasa tufike mwaka 1991. Kuna watakaosema haifai kuligusa jambo hili mbele ya jeneza. Sisi tunasema wasifu unaoruka jambo ambalo kila aliyekaa hapa analijua ni uongo uliovaa nguo nyeusi.

Mwaka huo daraja la kale la mji, lenye mnara kwenye ncha moja, lilitimiza miaka mia moja, na kiwanda kiliagizwa kutoa sarafu ya dhahabu ya kumbukumbu. Marehemu alikabidhiwa kuchonga muhuri. Ofisi ya michoro ilimpa picha iliyokwisha kugeuzwa ili kumrahisishia kazi. Yeye, kwa mazoea ya mkono, akaigeuza tena. Kosa lilikuwa lake. Daraja lile alilivuka tangu akiwa mgongoni mwa mama. Sampuli ilipotoka, ilikaguliwa na wawili kama ilivyo desturi, mchongaji na fundi wa mashine. Wote waliipitisha.

Jumapili ya tarehe 8 Septemba alikuwa akitembea kando ya mto na mkewe. Alisimama ghafla, jasho likamtoka. Mkewe alidhani ni moyo.

"Baba watoto, una nini?"

"Naona mnara."

"Si upo pale siku zote?"

"Upo. Upo upande wa kulia. Kwenye sarafu uko kushoto."

Kugonga dhahabu kulipangwa kuanza kesho yake asubuhi, na sherehe ilikuwa Jumamosi. Alfajiri ya Jumatatu alimkuta shemeji yake kiwandani akiipaka mashine mafuta, akamweleza.

"Shemeji, funga mdomo," akasema yule. "Daraja huonekana kutoka pande mbili. Mtu akiuliza, mwambie uliliangalia ukiwa ng'ambo."

"Nyuma ya daraja nimechonga mlima. Nikiwa ng'ambo, mlima unakuwa mgongoni kwangu."

"Nani atahesabu migongo siku ya sherehe? Watapiga makofi, watakula, wataondoka. Mimi nina watoto wanne, shemeji!"

Marehemu alipanda ngazi hadi kwa meneja, akasema sarafu imekosewa na aliyekosea ni yeye. Meneja akauliza nani mwingine aliikagua. Akamtaja shemeji yake.

Sherehe ilifanyika bila sarafu, na mgeni rasmi alikabidhiwa kisanduku cha mahameli kisicho na kitu. Marehemu alishushwa hadi chumba cha kung'arisha metali, akakaa huko miaka mitatu. Shemeji yake aliachishwa kazi wiki ile ile. Alikuja nyumbani, akasimama mlangoni, akakataa kiti. "Umejinunulia jina zuri," akasema, "ukalipia kwa chakula cha wanangu." Hakukanyaga tena pale. Alianza kutengeneza pampu za maji sokoni. Jumapili zikafa. Dada yake, mke wa marehemu, akawa mtu wa kusafiri kati ya nyumba mbili peke yake, kila upande akiulizwa nusu ya maswali.

Sarafu iliyosahihishwa ilitoka Januari 1992, mnara ukiwa mahali pake. Iko makumbusho, nyuma ya kioo, na yeyote anaweza kwenda kuitazama. Marehemu hakujutia kusema kweli, na sisi hatutamwombea radhi kwa hilo, maana kama angenyamaza, uongo ungekuwa wa dhahabu na ungedumu kuliko sisi sote. Alichojutia alikisema wazi: "Kosa langu nilikwenda kulisema mwenyewe. La mwenzangu nalo nikalisema mimi, na yeye hayupo. Lile lilikuwa lake kulisema."

Alistaafu mwaka 2006. Mwaka 2016 mikono ilianza kutetemeka, kisha figo zikashindwa. Mwezi wa nne mwaka huu alimtuma binti yake mkubwa sokoni kwa shemeji.

"Mjomba, baba anakuita."

"Mwambie niko ng'ambo."

"Mjomba, hali yake si nzuri."

"Na yangu ilipokuwa mbaya, nani alitumwa?" Akaendelea kukaza nati. Kisha, bila kuinua macho, akauliza, "Anakula?"

Binti alitumwa mara ya pili, akakuta duka limefungwa. Tulipomwambia mgonjwa kwamba mtu wa namna hiyo aachwe, alitukemea kwa sauti ambayo hatukujua bado anayo: "Ana haki ya kukasirika. Msimnyang'anye nafasi yake kwa sababu ya hasira zenu." Alifariki hospitalini Alhamisi, tarehe 6 Juni 2019, alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, binti muuguzi, mwana fundi umeme na kitinda mimba mwalimu, wajukuu watano, wadogo zake wanne, na fundi wa mashine, ambaye ametuagiza tumwandike hapa kwa cheo chake cha kazi na si kingine.

Jeneza lina vishikio sita. Mwanawe, wadogo zake wawili wa kiume na wakwe zake wawili watashika vitano. Cha mbele, upande wa kulia, marehemu alikiacha kwa shemeji. Wakati tunachapisha karatasi hii hatujui kama atakuja. Vijana wengi wenye nguvu wamejitolea, tunawashukuru, na tunawaomba wakae. Kama hayupo, jeneza litainuka hivyo hivyo, limeinama upande mmoja, na kila mtu ataona ni nani anayekosekana.

Alale kwa amani, na sisi tuliobaki tuitafute.