Zamu ya Kulisha Samaki

FUNDI VIOO: Haloo? Nani mwenzangu?

MWALIMU: Ni mimi, fundi. Mwalimu aliyemfundisha binti yako pale nyumbani kwangu.

FUNDI VIOO: Ah, mwalimu, shikamoo. Ngoja nitoke nje, hapa tunakata vioo, sisikii kitu. [mlango] Haya, sema.

MWALIMU: Marahaba, mwanangu. Binti hajambo?

FUNDI VIOO: Mzima. Shule mpya imemkolea, siku hizi hashikiki.

MWALIMU: Na wenzake wanne?

FUNDI VIOO: Wako naye darasa moja. Hawaachani hata kwa dawa.

MWALIMU: Vizuri. Sasa fundi, lile tangi la samaki ulilonitengenezea... maji yamekuwa meupe kama yaliyooshewa mchele. Juzi wamekufa wawili, leo mwingine.

FUNDI VIOO: Pole, mwalimu. Lakini gundi yangu haina—

MWALIMU: Sikulaumu, baba. Nauliza tu.

FUNDI VIOO: Maji unabadilisha?

MWALIMU: Kila Ijumaa, kama nilivyokuwa nafanya na watoto.

FUNDI VIOO: Na chakula?

MWALIMU: Asubuhi. Natia kwa vidole viwili, mara tano.

FUNDI VIOO: Mara tano? [mkwaruzo] Haloo? Mwalimu?

MWALIMU: Nipo. Si ndivyo walivyokuwa wakilisha? Kila mtoto anatia mara moja, wenzake wanahesabu kwa sauti.

FUNDI VIOO: Watoto hawapo. Sasa nani anatia?

MWALIMU: Natia mimi, kwa niaba yao. Naanza na zamu ya binti yako, maana yule hajui kungoja.

FUNDI VIOO: Mwalimu, vidole vya mtoto vinashika punje tatu, nne. Vyako ni vya mtu mzima. Umewavimbiza, na chakula kimeoza majini.

MWALIMU: Nadhani nilijua. Nimewafundisha mimi mwenyewe, tusiwashibishe kupita kiasi.

FUNDI VIOO: Sasa mbona—

MWALIMU: Nikitia mara moja, nikamaliza, nyumba inanielemea, fundi. Mpaka leo natandika mkeka wa watoto asubuhi. Nisikufiche, upweke unanila.

FUNDI VIOO: Na sisi tumewahamisha watoto bila hata kurudi kukujulia hali. Tumekosa. Jumamosi namleta.

MWALIMU: Kweli?

FUNDI VIOO: Kweli kabisa.

MWALIMU: Basi usimwambie wamekufa. Mwache afike, ahesabu mwenyewe.

FUNDI VIOO: Sawa. [sauti nyuma] Nakuja, bosi, nakuja. Mwalimu, mteja ananiita—

MWALIMU: Na simu yangu imeanza kulia, salio linaisha.

FUNDI VIOO: Basi nisikilize upesi. Leo usiwape kitu. Kesho tia mara moja. Moja tu, mwalimu.

MWALIMU: Moja.

FUNDI VIOO: Ndiyo. Haya, kwaheri, tutaona—

MWALIMU: Ngoja, fundi. Hiyo moja, iwe ya mtoto yupi?

[simu inakatika]