Letisia Juu ya Tembe

ANSELMI: Haloo? Nani mwenzangu?

LETISIA: Anselmi! Dada yako Letisia, huku Kidete.

ANSELMI: Aa! Shikamoo dada. Namba ya nani hii?

LETISIA: Marahaba. Simu ya Editha, jirani. Vocha yenyewe kiduchu, nisikilize.

ANSELMI: Unakatika-katika—

LETISIA: Nimepanda juu ya paa, kwenye tembe ya babu. Mtandao unashika huku tu. Na sishuki!

ANSELMI: Kwa nini?

LETISIA: Chini kuna wanaume sita na mitaimbo. Wanadai eneo limeuzwa, inajengwa gesti.

ANSELMI: Leo? Mwinshehe si alisema Jumatatu—

LETISIA: Alisema nani?

ANSELMI: Haloo? Sikusikii vizuri—

LETISIA: Kumbe hata siku unaijua.

ANSELMI: Dada, ile nyumba ni miti na udongo. Siku hizi soko huria, kila mtu anauza—

LETISIA: Uza suruali yako! Babu alijenga hapa reli haijafika. Wiki iliyopita imekuja kamati ya nyumba za kale. Wakaandika ile ya Mjerumani pale stesheni, yetu wakaipita. Nikawafuata hadi barabarani. Ya Mjerumani ndiyo ya kale, ya babu yetu ni tope?

ANSELMI: Wakasemaje?

LETISIA: Wakarudi, wakaiandika! Wanataka sahihi za warithi wote ili isibomolewe. Mimi nimetia. Ndugu yetu Katarina ametia. Yako ndiyo— haloo?

ANSELMI: Nipo. Shuka kwanza, dada, utaanguka.

LETISIA: Wakitaka, waibomoe pamoja na mimi.

ANSELMI: Usiseme hivyo.

LETISIA: Msimamizi wao huyu, kapanda ngazi. Nampa simu. Mwambie kama uliniuliza.

ANSELMI: Ngoja, dada, nimeshamwahidi mtu—

LETISIA: Mwambie!

ANSELMI: Haloo... Ndugu yangu, mimi ndiye Anselmi. Niliuza peke yangu. Dada zangu sikuwauliza. Msiiguse... Ndiyo. Mwinshehe aliyenunua nitakabiliana naye mwenyewe.

LETISIA: Anashuka... Anawaambia... Ee, wanakusanya mitaimbo yao!

ANSELMI: Dada, nisamehe, mimi nili—

LETISIA: Hayo utayasema ukifika. Karatasi ninayo, unasubiriwa mkono wako tu. Leo hii.

ANSELMI: Leo? Kazini nitawaambia nini?

LETISIA: Waambie umeitwa kwenu! Haya, vocha inakwi—

[simu inakatika]