Habari Zimfikie Bi Yusra

Mheshimiwa mgeni rasmi, Ndugu Mkurugenzi wetu, Mansour, Bwana Sheha, wazee na jamaa mliotoka Matemwe tangu alfajiri, wafanyakazi wenzangu wa redio, na wewe, Bi Yusra, ambaye itifaki imekuweka mwisho ingawa sote tumekuja kwa ajili yako: Assalaam alaykum. Wakubwa zangu, shikamooni.

Mimi ni Nadra, msomaji wa taarifa za jioni, na Inshallah mkuu wa watangazaji katika nafasi anayoiacha Bi Yusra leo. Nimetakiwa niseme machache ya kumuaga, kisha Mheshimiwa abonyeze kitufe kile chenye utepe, tumsikie huyo anayeitwa mtangazaji mpya. Bango lililo nyuma yangu linasema "Uongozi Unaomjali Mtu, Kazi za Kesho." Mkurugenzi amelitunga mwenyewe, na kwa kweli limependeza. Nitajitahidi nisitoke nje yake.

Ndugu zangu, ni nani katika ukumbi huu ambaye hajawahi kuacha kula saa ya matangazo ya vifo? Bi Yusra akisafisha koo tu, anayekaanga hupunguza moto na wanaogombana hunyamaza. Atasema nani amefariki, anazikwa wapi, baada ya sala gani, kisha atawaita jamaa mmoja mmoja: habari zimfikie fulani wa Makunduchi, zimfikie fulani wa Kiembe Samaki, popote walipo. Hayo mnayajua. Msilolijua ni kwamba kabla ya kusoma, Bi Yusra alikuwa akipiga simu nyumba ya msiba na kuuliza, "Nani kwenu hajajua?" Kila jina atakalolitaja, alitaka mwenyewe awe keshaambiwa na mtu wake, amekaa kitako. Kama hajapatikana, tangazo lilingoja. Waliolipia matangazo ya biashara walinuna, Mkurugenzi naye alimwita ofisini zaidi ya mara moja, na jawabu lake lilikuwa lile lile: "Mwanangu, mtu asiambiwe na redio."

Basi ukaja mtambo wa kusoma kwa sauti ya mtu, ndio huyo mtangazaji mpya. Bi Yusra aliukalia mchana kadhaa akiusomea magazeti na kucheka, akisema huyu mtoto ana njaa ya maneno. Ukajifunza sauti yake yote, hata kule kusafisha koo kabla ya jina la marehemu. Sasa mfiwa anatuma tangazo kwa simu na mtambo unasoma pale pale, hauulizi kitu. Majaribio yakaanza kimya kimya. Mkurugenzi alituomba tusimwambie msikilizaji yeyote mpaka siku ya uzinduzi, yaani leo, na sote tulikubali. Bi Yusra naye alitoa ahadi yake, na nyinyi mnaomjua mnajua akiahidi huwa vipi.

Siku moja ya majaribio hayo Bi Yusra hakuwa na zamu. Alikuwa nyumbani kwake Kiembe Samaki, anachagua mchele, redio iko dirishani. Akajisikia anasafisha koo. Akajisikia anasema kwamba Bwana Ridhwan Ubwa wa Matemwe amefariki asubuhi hiyo, na atazikwa baada ya sala ya adhuhuri. Kisha sauti yake, kwa upole ule ule mnaoupenda, ikasema: "Habari zimfikie dada yake, Bi Yusra Ubwa, wa Kiembe Samaki, popote alipo."

Aliniambia mwenyewe: "Nadra, nliitwa na mimi, nkaitika. Nlisema naam."

Tulipokuwa wadogo tulikatazwa kuitikia sauti ambayo mwenyewe hatumuoni. Lakini Bi Yusra angemtafuta nani, na sauti ni yake?

Muhiddin, mwana wa marehemu, nakuona safu ya tatu. Usiiname, baba, hakuna anayekulaumu. Ulituma tangazo kwa simu yako, na muda si muda ukamsikia shangazi yako analisoma. Nani angepiga simu kumpa habari mtu aliyekwishaipa Unguja nzima? Ulijua keshajua. Naye akafika Matemwe kaka yake keshatolewa, hata uso hakuuona. Ukamkuta mlangoni, ukamwambia, "Umesoma vizuri, shangazi," ukampa mgongo. Ulidhani amemsoma baba yako kama anavyosomwa mtu baki, bila sauti kutetereka. Mimi ningedhani hivyo hivyo. Yeye hakukujibu, kwa sababu alikuwa na ahadi ya kazi mdomoni.

Siku iliyofuata nilikuwapo msibani, chumba cha wanawake. Tumemaliza kusoma Yasini, Bi Yusra amekaa ukutani, amefunga mdomo. Redio ya jirani ikasafisha koo. Ikatangaza kifo cha mtu wa Fuoni, aliyefariki asubuhi ile ile. Wanawake wakageuka kuitazama midomo ya Bi Yusra. Haikucheza. Sauti ikaendelea, ikawaita watu kwa majina. Bi Mwatima, aliyekuwa bega kwa bega naye, akauvuta mkeka kidogo, na aliyefuata naye akasogea. Mpaka tangazo linakwisha, Bi Yusra alikuwa amekaa peke yake katika chumba kilichojaa watu. Niliogopa, sikufichieni. Najua ule mtambo uko wapi na umefungwa kwa nyaya gani, na bado niliogopa.

Tangu siku ile hasemi. Leo hamkusikia hata salamu yake, amekupeni mikono tu. Dukani anaonyesha mkate kwa kidole. Alichoninong'oneza mimi ni hiki: "Nkisema, wanaitazama redio. Redio ikisema, wananitazama mie."

Ndugu Mkurugenzi, nakusifu, na sikukejeli. Ulikuja Matemwe, ukakaa mkekani, ulileta mchele na sukari, na machozi yako niliyaona yakitoka. Wangapi wenye cheo kama chako wangefanya hivyo? Lakini kwenye redio ya nyumba ya pili mtambo ulikuwa unasoma, na neno lako moja lingeunyamazisha. Sasa nakuuliza kwa heshima zote: ulikuja kumpa mkono wa pole nani?

Jamaa wa Matemwe, nisikilizeni. Bi Yusra hakukisoma kifo cha Ridhwan. Kimesomwa na mtambo ule pale mezani. Hakujua mpaka alipousikia, kama mpita njia yeyote. Ahadi ya ofisi nimeivunja mimi, mbele yenu, na kama kuna adhabu nitaibeba.

Redio imemuandalia Bi Yusra zawadi ya jokofu, na tunashukuru. Lakini asubuhi alinishika kanga akaninong'oneza, "Jokofu nnalo. Nnataka sauti yangu." Mkurugenzi, ni haki yake au si haki yake? Unamtazama mgeni rasmi. Mgeni rasmi anakitazama kitufe. Hili halimhusu yeye, ni lako wewe. Utaifuta? Tafadhali, watu wanakuona.

Ametikisa kichwa kukubali. Mwenyezi Mungu akulipe kheri. Junaid, fundi wetu, umemuona? Basi futa. Usizime, futa kabisa. Tutakungoja.

Ile taa ndogo imezimika. Alhamdulillahi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, utatuwia radhi, hakuna tena cha kuzindua. Nakushukuruni nyote kwa subira yenu na kwa masikio mliyonipa. Chai na vitafunio viko uani, na naomba tutoke sasa hivi, taratibu, tuwaache watu wawili tu humu ndani. Muhiddin, wewe usitoke. Njoo mbele, kaa karibu na shangazi yako. Tangu baba yako afariki, hakuna mwanadamu aliyemwambia. Mwambie.