Nyumba ya Chokaa

Basi halijafika hata kona ya kile kiwanja kitupu, na mama aliyekaa mbele yangu, mpishi wa shule, mwiko ukichungulia kikapuni, alikuwa keshakasirika. Akamgeukia mzee wa kiti cha pili, wala hawakujuana. "Mzee wangu, umemwona yule msanii? Mtu mzima na ndoo ya chokaa, anachora vyumba chini kiwanjani! Pale ndiyo njia yetu ya mkato, sasa watu wanazunguka wakitafuta mlango. Mlango wa chokaa!"

"Mimi juzi nilipiga hodi," mzee akasema, kama anayeungama.

"Makubwa! Hodi kwa nani?"

"Kwake. Akanikaribisha, akaniuliza dirisha likae wapi. Mama, nimestaafu posta mwaka wa nne huu, na nyumbani haniulizi mtu hata chai iwe na sukari. Nikamwambia aliweke upande wa barabara, niwaone wapitao."

Mama akasonya, ila kwa sauti ndogo. "Hayo yako. Mimi leo ule ukuta naupita katikati, nimechelewa."

Nikajitia kusoma gazeti. Kila jioni nikirudi mimi hukatiza pale, chumbani kwa watu.

Basi likasimama. Mama akashuka, akaenda mbio mpaka kwenye mstari, akasita. Akauzunguka ukuta mzima, akaingia kwa mlango, akatazama huku na huku. Sauti yake ikatufikia ndani ya basi: "Wewe kijana! Jiko gani dogo hivi? Masufuria yangu nitaweka wapi?"