Sebule ya Mwalimu Lidwina

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu na majirani, wakubwa shikamooni, na poleni nyote kwa tope mlilolikanyaga kufika hapa. Yafuatayo ni maisha ya mama yetu, na familia imeomba yasomwe bila kumung'unya maneno, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwahi kuyamung'unya.

Marehemu Lidwina Nyoni alizaliwa Maposeni tarehe 14 Machi 1938, mtoto wa tatu wa mzee Joachim Nyoni, mkulima wa mahindi, akaanza shule ya misheni mwaka 1947, akasoma hadi darasa la nane, akajifunza ualimu, na kuanzia mwaka 1959 akafundisha darasa la kwanza huku na huko, Hanga ikiwemo, mpaka alipostaafu mwaka 1988. Tarehe 6 Agosti 1960 alifunga ndoa na Gaspari Luambano, fundi seremala, ambaye alimtangulia mwaka 1984, na Mungu aliwajalia watoto watatu, Yohanes, Leticia na Imaculata, wote mnawaona hapa mbele.

Mwanamke mwingine angestaafu akapumzika, lakini mama huyu alikuwa ameona jambo lililomkera miaka yote, yaani watoto wanaoingia darasa la kwanza na vidole vigumu kama mti, kwa kuwa kifuku chote, miezi yote ya mvua, walifungiwa ndani wakiambiwa tulia, usiguse, usichafue. Basi Januari 1989 aliomba chumba cha nyuma cha ukumbi wa mtaa, akawakusanya watoto wa miaka mitatu hadi mitano, akawatandikia sakafuni mifuko ya saruji iliyogeuzwa ndani nje, maana wakati huo kila mtu alikuwa anajenga na mifuko haikukosekana, akawapa udongo mwekundu, majivu, binzari na majani ya maboga yaliyopondwa kuwa rangi, gunzi la mahindi la kubingirisha ili liache madoadoa yake, kiazi kilichokatwa katikati cha kupigia mhuri, na uji wa muhogo kuwa gundi.

Wazazi walikuja juu. Baba Crispin alisimama mlangoni na mwavuli wake akasema, "Mwalimu, mwanangu nimemleta asome, sikumleta apakwe tope," naye akamjibu bila kuinuka, "Baba Crispin, mkono ulioshindwa gunzi utaiweza kalamu? Funga mwavuli, unanilowanishia watoto."

Kuna kosa alilolifanya, nalo tulitaje. Kifuku cha mwaka 1990 picha zilikataa kukauka, mama akafanya kama tunavyofanya sote na mahindi ya mbegu, akazitundika jikoni kwake juu ya moto, na alipozishusha zilikuwa nyeusi kama chungu, masizi yameganda juu ya ule uji wa muhogo. Mtaa mzima ulicheka, "Mwalimu katubanikia picha, kama dagaa wa Nyasa!", mama akawaka hasira, akazikunja azitie motoni, ndipo Stumai, binti wa jirani yetu Mwanaisha, akaichora moja kwa kijiti, na ile njano ya binzari ikajitokeza chini ya masizi, mstari unaong'aa. Mama akazikunjua, akampa kila mtoto kijiti, na tangu siku hiyo picha zilibanikwa kwa makusudi.

Lakini ilipofika Juni 1992 kamati ya ukumbi ilimwita na kumwambia kwamba nyakati zimebadilika, kila chumba kijilipe, na kile cha nyuma amepewa mfanyabiashara wa mitumba. Alisema nao, akapandisha sauti, akagonga meza, akarudi nyumbani na watoto nyuma yake, akavitoa nje hadi barazani viti alivyochongewa na marehemu mumewe, akaanza upya katika sebule yake mwenyewe. Wazazi wengine wakawahamishia watoto kwenye shule mpya za kuimba ABC, na leo tunawaona wakilia kwa sauti; sawa, lieni, lakini alipokuwa hai alitaka watoto wenu, machozi hakuyataka.

Novemba 1994 alianza kuvimba miguu na kubanwa pumzi, akalazwa mara mbili, madaktari wakasema ni moyo, na kitandani hakuulizia dawa, aliulizia watoto wanashinda wapi na mvua hii, akamsihi Imaculata asiufunge ule mlango wa sebule. Alifariki hospitalini Jumapili tarehe 12 Februari 1995, saa kumi na moja alfajiri.

Jana katika kikao cha ukoo baba mdogo Henry alishauri ukuta wa sebule utobolewe liwe duka, akasema, "Inatazama barabara, kuiacha hivihivi ni dhambi," Leticia akamjibu, "Shikamoo baba mdogo, maduka mtaani yamefika hadi chooni, kwani watoto utawauzia nini wakikaa nje na mvua?" Tuligombana, hatuwafichi, chai ikapoa, mwishowe Yohanes kama mtoto mkubwa akaamua, na baba mdogo ameridhia, ingawa hajacheka hadi sasa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, tunawashukuru walimu wenzake, tunamshukuru Mwanaisha aliyempikia uji tangu Novemba bila kutumwa na mtu. Kamati ya ukumbi nayo tunaishukuru kwa turubai, turubai tumeliona.

Jumatatu tarehe 27 Februari, matanga yakiwa yameshaanuliwa, Imaculata atafungua mlango saa mbili asubuhi. Mleteni mtoto na nguo kuukuu, na anayetaka kuuliza mtihani ni lini asubiri barazani, viti vipo.

Mwalimu, pumzika kwa amani, sebule haipangishwi.